Nyumba ya Benki Iliyoingia Maji: Maswali ya Wasomaji

Barua nyingi za msimu huu zimetoka kwa wasomaji wetu wa Marekani ambao wananunua, wamekwisha kununua au wanapakana na nyumba zilizotwaliwa na benki baada ya mkopaji kushindwa kulipa, kisha zikakaa tupu. Sheria tunazozitaja hapa ni za majimbo walikoandikia wasomaji wenyewe; aliye katika jimbo jingine aulizie kwake kabla ya kutia saini.

SWALI: Mhariri, shikamoo. Mimi na mke wangu tumeonyeshwa nyumba ya benki hapa Grand Rapids, Michigan, ambayo bei yake ni karibu nusu ya bei za nyumba jirani. Imekaa tupu kwa majira mawili ya baridi. Maji yamefungwa, juu ya choo kumebandikwa karatasi ya onyo, na ndani ya bakuli mna maji ya rangi ya waridi. Dari ya jikoni ina doa la kahawia lenye upana wa sinia, na ukuta wa basementi una ukungu mweusi kuanzia sakafuni hadi usawa wa magoti. Dalali anasema ni kazi ya kusafisha na kupaka rangi tu. Tununue? — Baba wa watoto watatu

JIBU: Marahaba. Dalali amekueleza habari za ukungu, ilhali jambo la kuuliza ni habari za maji. Mbegu za ukungu zimo hewani katika kila nyumba, hata iliyo safi kabisa, na chakula chake, yaani mbao, vumbi la zulia na karatasi inayofunika bodi za jipsamu, kimejaa tele. Kinachosubiriwa ni unyevu peke yake. Kwa hiyo kila doa mlilolikuta ni ushahidi kwamba maji yaliingia, na kabla ya kujadiliana bei ni lazima mjue yaliingia kwa njia gani, yalikaa kwa muda gani, na kama yamekoma. Doa la jikoni na ukungu wa basementi huenda vina asili mbili tofauti, na gharama za kuvitengeneza hazikaribiani hata kidogo.

Tuanze na dari. Katika jimbo lenu, nyumba ikishauzwa kwenye mnada wa sherifu, mkopaji kwa kawaida hupewa miezi 6 ya kuikomboa, au mwezi mmoja tu ikithibitishwa kwamba ameitelekeza. Katika kipindi hicho mtu aliyekwisha kuhama haoni sababu ya kulipia gesi na umeme, na benki nayo bado haijawa mwenye nyumba kamili. Mnada ukifanyika Septemba, sehemu kubwa ya kipindi hicho inaangukia kwenye baridi. Mtambo wa kupasha joto ukizimika, maji yaliyobaki mabombani huganda. Barafu huchukua nafasi kubwa kuliko maji kwa takriban asilimia 9, na shinikizo hupanda hasa katika maji yaliyonaswa kati ya barafu na koki iliyofungwa, mpaka bomba la shaba linapasuka. Mpasuko wenyewe huwa mwembamba, umefuata urefu wa bomba, kingo zake zimebenuka kidogo kwa nje, na muda wote wa baridi hautoi hata tone. Maji humwagika barafu inapoyeyuka, au siku mtu anapofungulia maji bila kujua, na katika nyumba isiyo na mtu yanaweza kumwagika kwa wiki kadhaa kabla jirani hajayaona yakitokeza chini ya mlango.

Maji ya waridi ndani ya choo ni dawa isiyoganda ambayo mafundi wa benki humimina vyooni na katika kona za mabomba chini ya masinki baada ya kufunga maji ya mtaa, kuondoa maji katika tangi la maji moto na kuyapuliza mabomba kwa hewa. Ni dalili njema, ila haisemi kazi hiyo ilifanyika lini. Isomeni ile karatasi: mara nyingi huwa na tarehe. Ikiwa imeandikwa Oktoba ya mwaka ule nyumba ilipohamwa, mabomba yana nafasi nzuri ya kuwa mazima. Ikiwa ni Februari, basi huenda yalikwisha kuganda na kupasuka kabla fundi hajafika, na dawa ile imemiminwa katika nyumba ambayo tayari imeharibika.

Mwombeni muuzaji kibali cha kupima mabomba kwa hewa, na msikubali mtu yeyote afungulie maji kwa kujaribu tu. Fundi bomba hufunga kompresa na geji kwenye koki ya nje ya kumwagilia bustani, hujaza hewa, hufunga valvu, kisha hutazama mshale. Ukitulia, mabomba yanashika. Ukishuka, hupita chumba hadi chumba akisikiliza mlio wa hewa inayovuja nyuma ya ukuta. Angalieni pia kama mabomba yapo, maana shaba huibwa sana katika nyumba tupu, na mwizi huacha ncha zilizokatwa kwa msumeno zikining'inia chini ya maboriti. Kisha pandeni ghorofani mtazame kilicho juu ya lile doa. Kama ni bafu, mshukiwa wa kwanza ni bomba. Kama hakuna bafu, pandeni darini mchunguze paa. Nunueni kipima unyevu cha pini mbili, ambacho hakigharimu pesa nyingi, mkichomeke katika mbao zilizo karibu: mbao inayosoma zaidi ya asilimia 20 bado imelowa, na maana yake maji hayajakoma.

Basementi ni habari nyingine. Ukungu unaopanda mpaka usawa mmoja na kukoma kwa mstari ulionyooka huonyesha kwamba maji yalisimama humo. Nyumba nyingi za huko zina shimo dogo katika pembe ya basementi lenye pampu ya kutoa maji ya ardhini. Pampu hiyo huendeshwa na umeme, na umeme ukikatwa kwa kutolipiwa, theluji ikiyeyuka maji hupanda yenyewe. Kama chanzo ni hicho, kukizuia kisirudi ni rahisi kuliko kutengeneza msingi uliopasuka, lakini maji yaliyofika magotini yamepita kwenye vichomeo na vifaa vya umeme vya mtambo wa joto na tangi la maji moto, na mitambo ya gesi iliyozama hubadilishwa. Haikaushwi na kuwashwa tena. Gharama hiyo iwekeni katika hesabu yenu tangu mwanzo. Unga mweupe kwenye zege usiwatishe: mara nyingi ni chumvi iliyoachwa na maji, na ukiunyunyizia maji huyeyuka, jambo ambalo ukungu haufanyi. Mkikuta ukuta mmoja wa basementi umepakwa rangi mpya katika nyumba ambayo benki haikugusa kitu kingine chochote, ulizeni ni nani aliyeipaka na kwa nini.

Msitegemee kuambiwa na muuzaji. Benki iliyoipata nyumba kwa kumtwalia mkopaji imesamehewa na sheria ya Michigan kujaza ile fomu ya kueleza kasoro ambayo muuzaji wa kawaida hujaza, na mkataba wake utasema nyumba inauzwa kama ilivyo. Ulinzi wenu umo katika kifungu cha ukaguzi: hakikisheni mkataba unawapa siku za kutosha za kukagua na kujitoa bila kupoteza arubuni. Mkikopa, ulizeni mapema kuhusu mkopo wa aina ya 203(k) unaodhaminiwa na FHA, idara ya serikali kuu ya mikopo ya nyumba, ambao hujumuisha bei ya nyumba na gharama za matengenezo, kwa sababu wakopeshaji wengi hukataa kutoa mkopo wa kawaida kwa nyumba isiyo na maji wala joto.

Kwa maoni yangu, kama mabomba yatashika hewa, kama doa la jikoni ni kavu na mna jibu la chanzo chake, na kama basementi ilifurika kwa sababu pampu ilizimika, nyumba hiyo inanunulika kwa bei iliyopunguzwa kwa kiasi cha matengenezo. Kama maji yalishuka kutoka ghorofani kupitia kuta kwa majira yote mawili, iacheni, hata wakiwapunguzia tena. Hapo hamtajua mmenunua nini mpaka mtakapokuwa mmekwisha kubomoa nusu yake.

SWALI: Dada mwandishi, tumehamia nyumba ya namna hiyo Columbus, Ohio, imejengwa miaka ya 1950. Basementi ilikuwa na ukungu, nikausafisha kwa jiki, ukarudi. Nikausafisha tena, umerudi. Mwanangu wa pili ana pumu na sasa anakohoa kila usiku. Mume wangu anasema tutafute dawa kali zaidi. — Mama Columbus

JIBU: Pole sana, na mtoto tumpe pole. La kwanza ni yeye: mpelekeni kwa daktari wake mkamweleze kuhusu ukungu, na asiwepo nyumbani kabisa wakati wa kazi nitakayoieleza, kwa sababu kuubugudhi ukungu hurusha mbegu nyingi hewani kuliko kuuacha ulipo.

Dawa kali zaidi haitasaidia. Shirika la serikali kuu la kulinda mazingira, EPA, halishauri matumizi ya jiki kama njia ya kawaida ya kusafisha ukungu, na sababu zake zinaeleweka. Jiki hung'arisha uso wa jipsamu, lakini haifiki kwenye mizizi iliyojichimbia ndani ya karatasi, huku maji yaliyomo ndani yake yakizidi kuulowesha ukuta. Isitoshe, ukungu uliokufa bado huamsha mzio na pumu kama ulio hai. Lazima uondolewe, kuuua hakutoshi. Na msije mkachanganya jiki na sabuni yenye amonia, maana mchanganyiko huo hutoa gesi ya sumu.

Pimeni eneo lililoathirika. EPA hutumia kipimo cha futi 10 za mraba, yaani kama futi 3 kwa futi 3 hivi: chini ya hapo mtu anaweza kufanya mwenyewe, zaidi ya hapo, au kama maji yalitoka kwenye bomba la maji machafu, itafutwe kampuni yenye uzoefu. Kwa basementi iliyowahi kufurika nadhani mmevuka kipimo hicho, lakini jueni kazi inavyopaswa kwenda ili msiuziwe kupulizwa kwa dawa peke yake. Jipsamu hukatwa na kutupwa, angalau futi moja juu ya pale mstari wa maji ulipoishia, kwa kuwa karatasi yake hunyonya maji kwenda juu kama utambi; nyuma yake sufi ya kuhifadhi joto hutolewa yote iliyolowa, na zulia na kitako chake huenda jalalani vilevile. Zege na nguzo za mbao ambazo bado ni imara hubaki: husuguliwa kwa brashi, maji na sabuni ya kawaida, kisha hukaushwa. Mlango wa basementi huzibwa kwa nailoni, feni huwekwa dirishani ikitoa hewa nje, na mtambo wa joto huzimwa ili usisambaze vumbi vyumbani kupitia njia zake za hewa. Anayefanya kazi avae barakoa ya N-95, glavu ndefu, na miwani iliyofunika macho isiyo na matundu.

Kwa sababu nyumba yenu ni ya kabla ya 1978, rangi yake ya zamani huenda ina madini ya risasi, na vigae vya sakafu au kitambaa kilichofungiwa mabomba huenda vina asibesto. Vipimwe kabla ya kukata au kupiga msasa chochote. Kwa mtoto, vumbi la risasi ni baya kuliko ukungu wenyewe.

Kisha mkomeshe maji, kwani ndiyo yaliyourudisha ukungu. Siku ya mvua tokeni nje mtazame: kama mfereji wa paa umeziba na maji yanamwagika kando ya ukuta, au kama bomba lake linaishia pale pale kwenye msingi, mmekwisha kukipata chanzo, na kipande cha bomba cha kuyapeleka maji futi kadhaa mbali ni kazi ya saa moja. Wekeni mashine ya kukausha hewa na kipimo cha unyevu: hewa ya ndani ibaki chini ya asilimia 60, na ikiwezekana kati ya 30 na 50. Msifunge ukuta kwa jipsamu mpya mpaka nguzo zisome asilimia 15 au chini yake. Wanaofunga mapema kwa haraka ya kuhamia ndio wanaotuandikia tena mwaka wa pili. Na siku nyingine maji yakiingia, kausheni kila kitu ndani ya saa 24 hadi 48, na kwa kawaida ukungu hautapata muda wa kuota.

SWALI: Mimi niko Houston, Texas. Nyumba ninayoitaka haijapasuka bomba wala paa, lakini ukungu umetapakaa kila chumba, hadi ndani ya kabati. Kampuni moja inataka kupima hewa, kutaja aina ya ukungu, kisha isafishe yenyewe. Nimeambiwa ukiwa ni ule mweusi ni hatari zaidi. — Msomaji wa Houston

JIBU: Katika joto la pwani ya Texas nyumba haihitaji kuvuja ili ilowe. Kiyoyozi cha huko hupunguza joto na kukausha hewa kwa pamoja. Benki ikikata umeme mwezi Mei, nyumba iliyofungwa madirisha hubaki na hewa nzito yenye unyevu mpaka Oktoba, na kila kitu, kuanzia viatu vilivyosahauliwa hadi milango ya kabati, huota ukungu. Ubaya wake ni kuenea kwake. Afadhali yake ni kwamba mara nyingi umekaa juu ya nyuso na haujala mbao. Chunguzeni hasa kuta za nje zilizobandikwa karatasi za plastiki, kwa sababu unyevu hunaswa nyuma yake na ukuta ukaoza huku uso ukiwa safi.

Kuhusu vipimo, hifadhi pesa zako. Hakuna kiwango cha ukungu hewani kilichowekwa na serikali kuu ambacho majibu yangelinganishwa nacho, na idara za afya hazishauri kutafuta aina, kwa sababu wowote utakaoonekana, mweusi au wa kijani, huondolewa kwa njia ile ile. Pesa hiyo mpe mkaguzi atakayetafuta unyevu. Tena pendekezo la kampuni hiyo lina kasoro ya kisheria: Texas, ukungu ukifika futi 25 za mraba zilizoungana, kazi hufanywa na wenye leseni ya idara ya jimbo iitwayo TDLR, na aliyetathmini haruhusiwi kuwa ndiye atakayesafisha katika mradi huo huo. Kazi ikikamilika hutolewa cheti, na muuzaji anatakiwa kumkabidhi mnunuzi nakala za vyeti vya miaka 5 iliyopita. Viombe kwa maandishi.

SWALI: Nyumba yetu ya Baltimore, Maryland, imeshikana ukuta na nyumba tupu. Paa la jirani limeshimika, na sasa ukuta wetu wa ngazi umevimba, rangi inabanduka, na kuna harufu ya uvundo. Benki niliyoambiwa ndiyo yenye nyumba inasema si yake. — Mama Baltimore

JIBU: Huenda benki inasema kweli. Kuna nyumba nyingi ambazo benki ilianza kuzitwaa, mkopaji akahama kwa kuogopa barua, kisha benki ikaiacha kesi bila kuimaliza. Kwa karatasi, nyumba bado ni ya yule aliyehama, na pengine mwenyewe hajui. Kwanza tafuta jina katika kumbukumbu za ardhi na kodi za Maryland, ambazo ziko wazi kwa kila mtu. Kama mnada ulikwisha kufanyika, mnunuzi alitakiwa kujiandikisha katika rejista ya jimbo ya nyumba zilizotwaliwa ndani ya siku 30. Rejista hiyo haifunguliwi kwa umma, ila ofisi ya jiji inaweza kumpa taarifa za nyumba husika mtu mwenye nyumba katika mtaa huo huo, kwa hiyo omba ukijitambulisha hivyo.

Wakati huo huo piga simu 311 uombe ukaguzi wa idara ya nyumba ya jiji, ambayo ndiyo hutoa ilani ya jengo tupu, na utunze namba ya malalamiko. Eleza kwamba maji yanaingia kwako. Paa lililoshimika peke yake hupangiwa foleni, ukuta wa jirani unaolowa hushughulikiwa kwa uzito zaidi. Piga picha za ukuta wako kila baada ya mvua, zenye tarehe, ukiweka rula kando ya doa ili ukuaji wake uonekane. Iarifu bima yako mapema, hata kama unadhani hailipi, kwa sababu bima nyingi hukataa uharibifu wa polepole ambao mwenye nyumba aliujua akanyamaza. Usipake rangi wala kuziba upande wako kwa plastiki. Matofali yanayolowa upande mmoja yanahitaji upande wa pili wa kukaukia.

SWALI: Tunafunga ununuzi mwezi ujao lakini hatutahamia mpaka matengenezo yaishe. Bima ya kawaida ya nyumba inatosha? — Msomaji wa Grand Rapids

JIBU: Haitoshi. Bima nyingi za wenye nyumba hupunguza au hukataa malipo nyumba ikikaa tupu zaidi ya siku 30 au 60 mfululizo, na uharibifu wa mabomba yaliyoganda hulipwa tu kama uliendelea kupasha joto, au ulifunga maji na kuyatoa mabombani. Mweleze wakala ukweli kwamba nyumba itakuwa tupu na itakuwa katika ujenzi, umwombe bima ya nyumba tupu au ya matengenezo kuanzia siku ile ile ya kupokea ufunguo. Mafuriko hayamo humo; bima ya mafuriko ya mpango wa serikali kuu hukatwa kando na kwa kawaida huanza kufanya kazi baada ya siku 30, isipokuwa inaponunuliwa pamoja na mkopo wa nyumba. Ukiondoka Ijumaa baada ya mafundi kwenda zao, funga koki kuu ya maji, na pampu ya basementi uiache kwenye umeme.